Televisheni Zavuma, Neno Halisikiki

Muhula uliopita niliwaagiza wanafunzi wangu wa gredi ya nane, katika shule moja ya huku Kisauni, waende makwao wakasikilize taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni, kisha kila mmoja aniletee muhtasari wa habari tatu alizozisikia. Zoezi lenyewe halikuwa gumu. Nililiona kuwa njia nyepesi ya kutimiza ile sehemu ya mtaala inayohusu kusikiliza na kuzungumza, ambayo sisi walimu, tuseme kweli, aghalabu huiruka tukakimbilia sarufi na insha. Madaftari yalipokusanywa nilipigwa na butwaa. Msichana mmoja wa Mtopanga, aliyezaliwa na kulelewa katika Kiswahili, alikuwa ameandika kwamba samani ya shilingi imeshuka.

Nikamwita, nikamwuliza ni samani gani hizo, ni makochi au ni makabati. Akainamisha kichwa, kisha akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, ndivyo nilivyosikia. Kwetu baba amenunua wufa mpya." Nikamwambia kwamba kama baba amenunua wufa, basi bila shaka habari zasikika vizuri zaidi. "La, mwalimu," akasema. "Yasikika nyumba nzima, na kwa jirani pia. Lakini asemalo mtangazaji hatulijui."

Maneno ya mtoto huyo yamenikaa moyoni, kwa kuwa yamelitaja kwa ufupi kosa ambalo sisi watu wazima tumelifanya kwa miaka kadhaa, tena kwa gharama kubwa. Tumeuchanganya mvumo na sauti. Mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe akilalamika kwamba televisheni yake haisikiki vyema, shauri la kwanza atakalopewa na fundi, na muuzaji, na hata shemeji yake, ni kwamba atafute wufa yenye nguvu. Naye huenda Kongowea, au huvuka kisiwani, akarudi na sanduku jeusi lenye taa za rangi. Hulisukuma pembeni mwa chumba, na jioni hiyo madirisha hutetemeka. Neno la mtangazaji, lililokuwa likisikika kwa shida, sasa halisikiki kabisa. Dai langu ni jepesi: sauti ya televisheni nyumbani imekuwa bora pale tu mtu aliyeketi kitini anapolipata kila neno bila kukaza shingo, na jambo hilo kwa sehemu kubwa halihitaji fedha zaidi ya zile zilizokwisha kutumika.

Hata hivyo si haki kuwacheka wanunuzi wa wufa, kwani lalamiko lao ni la kweli. Televisheni ilipoanza nchini Kenya mwaka 1962, na hata Mombasa ilipopata kituo chake mwaka 1970, seti zilikuwa masanduku makubwa ya kubebwa na watu wawili. Ndani ya sanduku mlikuwa na nafasi, na spika ilielekezwa mbele au ubavuni. Haikuwa spika ya ajabu, lakini ilikuwa na kifua cha kutolea sauti. Seti za siku hizi ni nyembamba mithili ya kitabu. Kioo kimetwaa uso wote, na vispika viwili vidogo vimefichwa chini au nyuma, vikielekezwa sakafuni au ukutani. Sauti inayomfikia mtazamaji imekwisha kugonga ukuta kwanza. Ni kama mtu azungumzaye nawe hali amekupa kisogo. Picha imepiga hatua kubwa, sauti imerudi nyuma. Na mnunuzi hawezi kulijua hilo dukani, kwa maana dukani seti kumi hulia kwa pamoja na macho ndiyo yanayoamua.

Kisha yakaja mabadiliko ya mwaka 2015, mitambo ya analogia ilipozimwa na kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi. Nyumba iliyokuwa na seti moja na waya mmoja wa erieli sasa ina televisheni, king'amuzi, wufa na pengine deki, kila kimoja na rimoti yake na vitundu vyake vya nyaya. Sauti hupita katika vifaa viwili au vitatu kabla ya kumfikia msikilizaji, na kila kifaa kina mahali pake pa kuongeza na kupunguza. Mara nyingi nimekuta king'amuzi kimepunguzwa mno, nayo wufa imefunguliwa hadi mwisho. Kinachokuzwa hapo, pamoja na sauti hafifu, ni mkwaruzo na mvumo wa umeme wenyewe. Dawa yake ni kukifungua king'amuzi karibu na mwisho, kisha kuongeza na kupunguza kwa rimoti moja tu, ile ya kifaa cha mwisho.

Sasa tuulize swali ambalo mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi wangepaswa kulijibu pamoja. Neno hukaa wapi katika sauti? Irabu zetu tano ndizo zenye nguvu. Hizo hubeba wingi wa sauti, na hukaa zaidi katika mitetemo ya chini na ya kati. Lakini kinachotenga neno na neno aghalabu ni konsonanti. Konsonanti kama s, sh, th, f na ch hukaa juu, takriban mitetemo 2,000 hadi 8,000 kwa sekunde, yaani hezi, nazo ni dhaifu mno zikilinganishwa na irabu. Ukiziondoa, thamani na samani ni neno moja. Sauti ya msingi ya mwanamume azungumzaye ni kama hezi 85 hadi 180, na ya mwanamke ni kama hezi 165 hadi 255. Wufa nayo imeundwa kwa ajili ya mitetemo iliyo chini ya hezi 120 hivi. Maana yake ni kwamba ile spika tuliyoinunua ili tumsikie mtangazaji haina karibu lolote la kumfanyia mtangazaji.

Asili yake ni majumba ya sinema. Mwaka 1974 filamu moja ya Marekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa katika majumba yaliyowekewa spika kubwa za besi makusudi, ili ardhi ikitetemeka kwenye picha, viti navyo vitetemeke chini ya watazamaji. Ni kazi halali, na apendaye filamu za vita au taarabu yenye besi nzito hana kosa. Kosa ni kumtaka mpiga ngoma afanye kazi ya mwalimu wa imla. Tena lipo jambo baya zaidi: mlio mzito ukizidi, huifunika masikioni milio myembamba iliyo juu yake. Wufa ikipandishwa kupita kiasi hailisaidii neno, na zaidi ya hapo hulizika.

Wafikirie wazee wetu na simu ya waya. Simu ile ilipitisha mitetemo ya kati tu, kutoka hezi 300 hadi 3,400. Besi haikuwamo kabisa. Lakini watu waliposana, wakafanya biashara, wakapokea habari za misiba na harusi, na walielewana. Kilichowasumbua kilikuwa kule juu, ambako s na f zilikatwa. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake simuni alilazimika kusema "S ya samaki". Ushahidi huo unatosha. Ukiondoa besi lugha hubaki, na ukiondoa mitetemo ya juu lugha huanza kuchechemea.

Kwa msemaji wa Kimvita hasara ni kubwa kuliko kwa wengine. Sisi hutenga paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu inayoifuata ile p. Yule wa mwituni ndiye mwenye pumzi. Ndivyo tutengavyo kaa la moto na kaa wa baharini, na chungu cha kupikia na wale chungu wadudu. Pumzi hiyo ni mshindo mdogo mno wa hewa, nayo huwa ya kwanza kupotea chumba kinaponguruma. Kizazi changu kilijifunza namna ya kulitoa neno kinywani kwa kuwasikiliza wasomaji habari mahiri kama vile Badi Muhsin, na baadaye marehemu Profesa Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, ambaye kabla ya kuwa profesa alikuwa mtangazaji. Tuliwaiga herufi kwa herufi. Sijui mtoto wa leo atamwiga nani ikiwa kinachomfikia ni irabu na kishindo.

Hapa niguse kidogo biashara ya wati, kwa kuwa ndiyo inayowapora wazazi wetu. Kwenye masanduku ya wufa huandikwa wati 5,000, wati 10,000, na nyingine zaidi, kwa herufi za dhahabu, na chini yake herufi nne: PMPO. Herufi hizo si kipimo kilichokubaliwa na mamlaka yoyote. Kila mtengenezaji hukokotoa apendavyo. Mwalimu wa sayansi na alipeleke sanduku hilo darasani. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha, utapata wati 3,120. Hicho ndicho kiwango ambacho plagi yaweza kupitisha kwa usalama. Hizo 10,000 zatoka wapi? Kisha awageuzie wanafunzi kifaa wakisome kile kikaratasi kilichobandikwa nyuma, ambako sheria za biashara humlazimisha mtengenezaji awe mkweli zaidi, na si ajabu wakakuta wati 60. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili debe limeuzwa kwa mshahara wa mwezi.

Turudi nyumbani, maana nyumba zenyewe zina neno la kusema. Katika mitaa yetu wengi hupanga chumba katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kuta zake mara nyingi hazifiki paa, ili hewa ipite. Hewa ikipita, sauti nayo hupita. Na si kila sauti hupita sawa. Ukuta huzuia kwa urahisi mitetemo ya juu, ile iliyobeba konsonanti, lakini besi hupenya kama maji mchangani. Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Mwenye televisheni hapati neno, na jirani yake hapati usingizi. Mwanafunzi wa chumba cha tatu anayejiandaa kwa mtihani hukifunga kitabu, kwa kuwa meza yake yatetemeka kwa ajili ya filamu asiyoiona.

Nao mashindano ya kelele hayaishi. Changamwe, ndege zikishuka uwanja wa Moi na malori yakipanda Magongo, kila mtu huongeza sauti ili kuushinda mngurumo wa nje. Jirani huongeza ili kukushinda wewe. Kanuni za kuzuia kelele na mitetemo, zilizotolewa nchini mwaka 2009, zinataka sauti ndani ya makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku katika kanuni hizo huanza dakika moja baada ya saa mbili. Nani kati yetu anazifahamu? Tena haifai kumwita askari kwa jambo ambalo lingeweza kumalizwa kwa hodi na salamu.

Nikitaja hilo namkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Kwa miongo mingi aliuliza katika kipindi chake iwapo jambo fulani ni ungwana ama si ungwana, na nchi nzima ilisimama kusikiliza. Alikuwa mtu wa Freretown, hapa hapa kwetu, mwana wa James Mbotela aliyekiandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Freretown ilianzishwa katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na pale Kengeleni ilitundikwa kengele ya kuwaonya wakaazi adui anapokuja. Ile kengele ndiyo sauti iliyokuwa na haki ya kupita kuta za watu wote bila kubisha hodi. Wufa yangu na yako hazina haki hiyo.

Basi tufanye nini? Nitaeleza yale niliyoyajaribu mwenyewe, nami si fundi wa redio bali ni mwalimu mwenye bisibisi.

Mwanzo wa yote ni kuzitazama zile spika ndogo mbili ambazo huuzwa pamoja na wufa. Hizo ndizo zisemazo. Cha ajabu ni kwamba karibu kila nyumba huiweka wufa mahali pa heshima, na hizo ndogo huzitupa juu ya kabati, nyuma ya pazia, au zote mbili upande mmoja kwa kuwa waya ni mfupi. Zilete mbele. Moja ikae kushoto kwa televisheni na nyingine kulia, katika kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, zikimtazama. Waya ukiwa mfupi, nunua mita chache. Ni fedha kidogo. Kisha iondoe wufa pembeni, kwani kuta mbili zinazokutana huukuza mlio wa besi hata mara nyingi kuliko ulivyotoka. Iweke mbali na pembe, punguza besi mpaka uhisi kama imezimwa, halafu irudishe kidogo tu. Trebo yaweza kupandishwa kiasi.

Jambo la pili limejificha ndani ya rimoti. Filamu na vipindi vingi hutayarishwa kwa spika tano au zaidi, na mazungumzo huwekwa katika ile ya katikati. Ikiwa televisheni au king'amuzi chako kimewekwa kana kwamba una spika hizo zote, ilhali unazo mbili, muziki utakufikia na maneno yataachwa njiani. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague stereo au PCM. Seti nyingi pia zina mpangilio wa usemi, ambao huinua sauti ya mtu na kuishusha ya vishindo. Nimeingia nyumba ambazo seti imekaa miaka minne na hakuna aliyewahi kuufungua ukurasa huo, kwa kuwa umeandikwa Kiingereza kigumu na mtoto aliyejua kuusoma alikatazwa kugusa rimoti.

Kuhusu nyaya sina mengi. Seti zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zina kitundu cha HDMI chenye alama ya ARC, mfumo uliotoka mwaka 2009, na ikiwa amplifaya yako ina kama hicho, waya mmoja hutosha na sauti hutoka safi. Wenye vifaa vya zamani wana zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, ambazo hazina ubaya. Ubaya ni chumvi. Sisi wa pwani, na hasa jamaa wa Likoni wanaokaa karibu na Shelly Beach, hewa yetu hula chuma. Plagi hufanya ukungu wa kijani, na sauti huanza kukatika upande mmoja. Watu husema spika imeungua. Zima umeme, chomoa, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, chomeka tena. Na ukiunganisha bila waya, kwa Bluetooth, usishangae midomo ikitangulia na neno likafuata nyuma. Huko hupotea muda kidogo njiani, na kwa msikilizaji anayetegemea kusoma midomo, muda huo mdogo ni mwingi.

Halafu kuna chumba chenyewe. Sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu zilizopakwa rangi ya mafuta, mabati juu: hicho ni kisima, na neno moja husemwa mara nne. Pazia zito dirishani, zulia, kochi la kitambaa, rafu ya vitabu vilivyopangwa ovyo ovyo, vyote hivyo huinywa sauti kabla haijarudi. Mkeka peke yake ni mwembamba mno. Aliye na chumba kimoja tu asione haya: godoro lililo mkabala na televisheni hufyonza mwangwi kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa bei ya kutisha. Na ikiwa bado hujanunua wufa, na una fedha mkononi, zitie katika ile spika ndefu kama rula inayokaa chini ya kioo na kukuelekea. Uliza kama ina spika ya katikati kwa ajili ya mazungumzo. Muuzaji akikujibu kwa idadi ya wati, nenda duka la pili.

Nimewaacha wazee mpaka sasa, na huenda ilifaa nianze nao. Usikivu wa mtu hupungua kwa umri kuanzia mitetemo ya juu, kule kule zinakokaa konsonanti. Ndiyo maana mzee hukuambia, "Nasikia, lakini sielewi," nasi humdhania kuwa akili imechoka. Tunamwongezea sauti, yeye huona kelele tu. Anachohitaji si sauti kubwa bali sauti iliyopunguzwa besi, spika iliyo karibu naye, na chumba kisicho na mwangwi. Nasi vijana tusijione tumesalimika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asisikilize desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma, na mtoto asipite desibeli 75 kwa muda huo huo.

Sitaki kuwabebesha watu wa nyumbani mzigo wote. Watangazaji nao wana hatia yao. Siku hizi hakuna habari isiyosindikizwa na muziki chini yake, utadhani mauti na bajeti havijitoshelezi. Tangazo la sabuni likiingia, sauti huruka na mtoto aliyelala hushtuka. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kulizuia tangazo la biashara lisiwe na sauti ya juu kuliko kipindi linamopachikwa. Wahariri wetu hawahitaji kungoja sheria ili kuuondoa muziki chini ya sauti ya msomaji habari.

Nasi walimu je? Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni. Tulihesabu, na tulifanya vyema kuhesabu, nyumba ambazo hazikuwa na televisheni kabisa. Hatukuuliza ni nini kilichosikika katika nyumba zilizokuwa nayo. Mwalimu wa studioni alikuwa akisoma hesabu ya kutafuta x, na kwa mwanafunzi wa Mikindani ikifika kama ngoma ya mbali. Leo tukiwapa wanafunzi kazi ya kusikiliza, tuwaulize kwanza kama wanasikia. Na somo la mawimbi ya sauti lisiishie ubaoni. Wanafunzi waende nyumbani wakaihamishe spika mita moja, waandike konsonanti zipi zimerejea.

Baada ya kile kisa cha samani, Jumamosi moja alasiri nilibisha hodi kwa akina yule msichana. Babake alinikaribisha kwa chai na mahamri, na nilipomweleza shida iliyonileta alicheka. "Mwalimu, umekuja kunizimia wufa yangu?" Nikamjibu kwamba siizimi, naihamisha tu. Tukaitoa pembeni, tukazishusha zile spika ndogo kutoka juu ya kabati ambako zilikuwa zimefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi, tukazifuta vumbi, tukazikalisha juu ya vigoda viwili. Msichana akaishika rimoti, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa sauti, akachagua stereo kwa haraka iliyonionyesha kwamba alikuwa akijua njia siku zote.

Saa moja ikafika. Nyanya yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni akichambua mchicha, aliinua uso. Alisikiliza habari ya kwanza, akasikiliza ya pili. Kisha akamwambia mwanawe, "Kumbe huyu kijana asema maneno." Akaacha mchicha, akasogea ndani, na hapana aliyezungumza tena mpaka habari za michezo zilipokwisha.

Niliaga mapema. Saa nne usiku kulikuwa na mpira, na nilipogeuka mlangoni nilimwona mwenye nyumba akiitazama rimoti, kisha akamtazama mamake.